Kaunti ya Makueni ilivyoanzishwa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kaunti ya Makueni ilianzishwa lini hasa?

Inategemea unauliza nini. Mistari ya mipaka ilichorwa mwaka 1992, Wilaya ya Makueni ilipomegwa kutoka Machakos. Kaunti yenyewe, kwa maana ya kisheria, ilizaliwa tarehe 27 Agosti 2010 Katiba mpya ilipotangazwa rasmi, baada ya kura ya maoni ya tarehe 4 mwezi huohuo. Serikali ya kaunti, yaani gavana na bunge, ilitokana na uchaguzi wa tarehe 4 Machi 2013, na magavana wakaapishwa tarehe 27 Machi.

Tarehe hizi tatu huchanganywa kila mara, hata katika hotuba rasmi. Ukiandika ripoti ya shule au mradi, taja zote tatu na useme kila moja ilianzisha kitu gani. Anayeandika tu kwamba "Makueni ilianzishwa 2013" anaiacha nje wilaya iliyokuwapo miaka 20 kabla ya hapo, pamoja na shule, ofisi na barabara zake.

Kwa nini kaunti ni 47, na Makueni iliingiaje humo?

Katika miaka ya mwisho ya utawala wa Moi na hasa wakati wa Kibaki, wilaya zilizaliwa kama uyoga baada ya mvua. Nyingi zilitangazwa kwenye mikutano ya hadhara bila sheria yoyote kupitishwa Bungeni. Mwaka 2009 Mahakama Kuu ikaamua kwamba wilaya halali ni zile tu zilizomo katika Sheria ya Wilaya na Mikoa ya 1992. Wilaya hizo zilikuwa 46, na ukiongeza Nairobi unapata 47. Waandishi wa Katiba walichukua orodha hiyo jinsi ilivyo na kuiweka katika Jedwali la Kwanza. Makueni ni nambari 17, ikifuata Kitui (15) na Machakos (16).

Kwa hiyo Makueni iliingia kwa sababu iliwahi. Wilaya ya Mwingi, kwa mfano, iliundwa baada ya sheria ile, na leo eneo lake lote liko ndani ya Kitui. Kama Makueni ingemegwa miaka michache baadaye, yumkini leo ingekuwa kaunti ndogo ya Machakos.

Kabla ya 1992 eneo hili liliitwaje?

Lilikuwa sehemu ya kusini ya Wilaya ya Machakos. Machakos ilikuwa kituo cha Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki tangu 1889, na baadaye makao ya utawala wa Ukamba. Katika hati za kikoloni utakutana pia na jina Ulu, yaani Ukambani ya magharibi, tofauti na Kitui ng'ambo ya Mto Athi. Baada ya uhuru Machakos iliwekwa katika Mkoa wa Mashariki, na Makueni ikarithi mkoa huo ilipokuwa wilaya.

Jina Makueni lenyewe halikuwa na uzito wa kiutawala hadi miaka ya 1940. Lililolipa uzito ni mpango wa makazi, unaoelezwa hapa chini.

Wakamba walianzia wapi katika kaunti hii?

Masimulizi ya Wakamba yanataja sehemu mbili zilizo ndani ya Makueni ya leo. Moja ni mwamba wa Nzaui, ambako inasemekana Mulungu aliwatoa binadamu wa kwanza. Nyingine ni milima ya Mbooni, ambako wazee wanasema koo zilikaa, zikaongezeka, kisha zikatawanyika kwenda Machakos, Kilungu na, kwa kuvuka Athi, Kitui.

Sababu ya milima kujaa kwanza inaonekana wazi ukiitazama ardhi. Mbooni na Kilungu kuna mvua ya kutosha, chemchemi na udongo mzito. Nyanda za chini, kuanzia Kathonzweni hadi Kibwezi na Mtito Andei, ni kavu na zilijaa vichaka vya mbung'o, nzi waenezao malale. Watu waliteremka huko kuwinda, kulisha mifugo na kupita na misafara ya pembe za ndovu kuelekea Mombasa, lakini makazi ya kudumu yalikuwa machache. Hadi leo tofauti hiyo ya juu na chini ndiyo inayoamua bei ya shamba na aina ya mazao. Huko juu watu wana kahawa, mboga na maziwa. Huku chini wana maembe, machungwa, pojo na mbuzi.

Reli ilibadilisha nini?

Karibu kila mji mkubwa ulio kando ya barabara kuu ya Mombasa. Ujenzi ulianza Mombasa mwaka 1896 na reli ikafika Nairobi mwaka 1899. Ilipopita kusini mwa Makueni iliacha vituo vya Mtito Andei, Kibwezi, Makindu, Emali na Sultan Hamud. Sultan Hamud ulipewa jina la Sultani Hamoud bin Mohammed wa Zanzibar, aliyetawala 1896 hadi 1902. Makindu ilikuwa kituo kikubwa cha mafundi wa reli, na hekalu la Masingasinga lililojengwa hapo mwaka 1926 bado hulisha na kulaza wasafiri bila malipo.

Reli ilipita wakati wa njaa kali ya 1897 hadi 1899, ambayo Wakamba huiita Ngomanisye. Watu walikuwa wanakufa na ng'ombe walikwisha pungua kwa sotoka, na kwa hiyo upinzani dhidi ya reli katika sehemu hizi haukuwa na nguvu.

Kabla ya reli, mwaka 1891, wamisionari wa Kiskoti wakiongozwa na James Stewart walikuwa wamefungua kituo Kibwezi. Maji yalikuwa mengi na mahali palipendeza, ila malaria iliwamaliza. Mwaka 1898 misheni ilihamia Kikuyu, kwenye baridi. Mtu akijiuliza kwa nini shule kongwe za kanisa hilo ziko Kikuyu badala ya Kibwezi, jibu ni mbu.

Mpango wa Makazi wa Makueni ulikuwa nini, na mbona unatajwa sana?

Hapa ndipo historia ya kaunti inapoanza kuwa ya Makueni yenyewe, kwa hiyo tueleze kwa urefu.

Kufikia miaka ya 1930 rizavu ya Wakamba wa Machakos, yaani ardhi waliyotengewa na serikali ya kikoloni, ilikuwa imejaa. Walowezi wa Kizungu walikuwa wamechukua malisho ya kaskazini na magharibi, na watu na mifugo wakabanwa milimani. Udongo ukaanza kumomonyoka kwa kasi, makorongo yakatokea, na serikali ikasema kosa ni la ng'ombe wengi. Mwaka 1938 ikaanza kuwanyang'anya watu mifugo na kuiuza kwa bei ya chini kwa kiwanda cha nyama cha Liebig huko Athi River. Muindi Mbingu aliongoza maelfu ya Wakamba hadi Nairobi mwezi Julai. Walikaa huko wiki kadhaa wakidai kumwona Gavana. Serikali iliacha kunyang'anya mifugo kwa nguvu, lakini Muindi alikamatwa na kupelekwa kizuizini Lamu.

Tatizo la ardhi lilibaki palepale. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia serikali iligeukia nyanda tupu za Makueni na kuamua kuzifungua kwa makazi. Vikwazo vilikuwa vitatu: mbung'o, uhaba wa maji na faru.

Mbung'o huishi kwenye vichaka vyenye kivuli, na dawa iliyokuwapo ilikuwa kukata vichaka hivyo. Vikundi vya vibarua vilifyeka maeneo makubwa. Ugumu wa njia hii ni kwamba kichaka kilichokatwa bila kulimwa hurudi baada ya misimu michache, na mbung'o hurudi nacho. Kwa hiyo familia zilipaswa kuingia mara tu baada ya kufyeka na kulima mfululizo.

Faru walikuwa wengi kiasi kwamba vibarua waliogopa kuingia porini. Idara ya Wanyamapori ilimpa kazi mwindaji J. A. Hunter, aliyekuwa na kituo chake Makindu. Kati ya 1944 na 1946 aliua faru 996, kwa hesabu yake mwenyewe. Leo idadi hiyo inatisha, kwani inazidi faru weusi wote waliobaki Kenya katika miaka ya 1990. Ardhi ambayo watu wanaigombania mahakamani sasa ilisafishwa kwa risasi hizo.

Pamoja na hayo yote, watu hawakukimbilia. Masharti yalikuwa mazito: idadi ya mifugo iliwekewa kikomo, matuta yalikuwa lazima, na mtu aliyeshindwa angeweza kuondolewa. Zaidi ya masharti, palikuwa na hofu iliyoeleweka vizuri na kila aliyekumbuka 1938, kwamba wakishafyeka, Mzungu atakuja kuchukua. Walioingia mwanzoni walikuwa wachache. Imani iliongezeka polepole katika miaka ya 1950, na baada ya uhuru wimbi la watu kutoka Mbooni, Kilungu na Machakos likateremka, wengi bila mpango wowote wa serikali. Migogoro mingi ya hati miliki katika nyanda za chini inatokana na wimbi hilo la pili. Mtu alifyeka, akapanda, akazika wazazi wake hapo, na upimaji ukaja miaka 20 au 30 baadaye.

Kwa nini makao makuu ni Wote, si Makindu au Kibwezi?

Wote ilifanywa makao ya wilaya mwaka 1992, na kaunti ikarithi majengo. Swali hili huulizwa kwa hasira kidogo na watu wa Mtito Andei, ambao ni rahisi kwao kufika Voi kuliko Wote. Hoja ya Wote ni kwamba iko kati ya milima na nyanda. Hoja ya miji ya barabara kuu ni biashara. Kimsingi hakuna aliyepiga kura juu ya jambo hili mwaka 2013. Ofisi zilikuwapo Wote, na serikali changa haikuwa na fedha za kuhama.

Gavana wa kwanza alikuwa nani, na kazi ilianzaje?

Profesa Kivutha Kibwana, mwanasheria na mbunge wa zamani wa Makueni, alichaguliwa kwa chama cha Muungano, naibu wake akiwa Adelina Mwau. Seneta wa kwanza, Mutula Kilonzo, alifariki tarehe 27 Aprili 2013, kabla ya miezi miwili kwisha tangu achaguliwe. Mwanawe, Mutula Kilonzo Mdogo, alishinda uchaguzi mdogo wa Julai, na mwaka 2022 akawa gavana wa pili.

Bunge la kaunti lilikuwa na wawakilishi wa wadi 30, pamoja na walioteuliwa. Maeneobunge ni 6: Mbooni, Kilome, Kaiti, Makueni, Kibwezi Magharibi na Kibwezi Mashariki. Yalikuwa 5 hadi 2012, Tume ya Uchaguzi na Mipaka ilipoigawa Kibwezi sehemu mbili.

Kazi hazikuhamishwa zote siku moja. Mamlaka ya Mpito ilizikabidhi kwa awamu, na fungu kubwa, zikiwemo afya, kilimo, barabara za kaunti na elimu ya chekechea, lilitangazwa kwenye Gazeti Rasmi la Serikali Agosti 2013. Kilichokwama ni watumishi. Kaunti ilikuwa na makundi matatu chini ya paa moja: waliokuwa wa mabaraza ya zamani, waliotoka wizara za Nairobi, na walioajiriwa upya. Kila kundi lilikuwa na ngazi yake ya mishahara na faili zake, nyingine zikiwa bado Nairobi. Madaktari waliochelewa kulipwa katika miezi ya kwanza, katika kaunti nyingi nchini, walikuwa wamenaswa hapo.

Fedha za mwanzo zilikokotolewaje?

Katiba inataka kaunti zote kwa pamoja zipate angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa. Mwaka wa fedha 2013/14 zilipewa shilingi bilioni 190. Mgao wa kila moja ulifuata fomula ya kwanza ya Tume ya Ugavi wa Mapato: idadi ya watu asilimia 45, mgao sawa kwa wote 25, umaskini 20, ukubwa wa eneo 8, na uwajibikaji wa fedha 2. Makueni ilikuwa na watu 884,527 katika sensa ya 2009 na eneo la takribani kilomita za mraba 8,000. Kwa hiyo haikubebwa na watu kama Kakamega, wala na ukubwa kama Turkana. Kilichoisaidia ni fungu la usawa na la umaskini.

Ni kweli Makueni nusura ivunjwe?

Ndiyo. Kuanzia 2013 gavana na bunge walivutana kuhusu bajeti: bunge litumie kiasi gani kwa shughuli zake, na nani aamue miradi ya wadi. Gavana alikataa kutia saini, bunge likakataa kupitisha, na kazi zikasimama. Mnamo tarehe 23 Septemba 2014 risasi zilifyatuliwa katika majengo ya bunge la kaunti huko Wote na watu kadhaa wakajeruhiwa, akiwemo mkuu wa wafanyakazi wa gavana.

Wakazi wakaanza kukusanya saini ili kaunti ivunjwe, na gavana mwenyewe akaunga mkono. Zilipita 50,000, wakati sharti lilikuwa asilimia 10 ya wapiga kura waliosajiliwa, ambao walikuwa karibu 300,000. Rais Uhuru Kenyatta aliunda tume chini ya wakili Mohamed Nyaoga. Tume ilipendekeza kaunti isimamishwe. Mwaka 2015 Rais akakataa pendekezo hilo na kuzitaka pande mbili zielewane. Uchaguzi wa 2017 ndio uliomaliza ubishi: Kibwana alirudi, safari hii kwa chama cha Wiper, na wengi wa wawakilishi wa wadi wakapoteza viti.

Kuvunja kaunti hufuata hatua zipi?

Kifungu cha 192 cha Katiba, pamoja na Sheria ya Serikali za Kaunti, kinaweka mlolongo huu. Ombi linapelekwa kwa Rais likiwa na saini za asilimia 10 ya wapiga kura wa kaunti. Tume huru inachunguza. Rais lazima aridhike kwamba madai yana msingi. Seneti lazima iidhinishe. Kaunti ikisimamishwa, ni kwa siku zisizozidi 90, kisha uchaguzi unafanyika.

Wengi husahau hatua ya Rais na kudhani ripoti ya tume inatosha. Makueni ilikwama papo hapo. Jambo la pili linalosahauliwa ni kwamba kaunti haifutwi katika ramani. Kinachoondoka ni gavana na wawakilishi, na wote hao wanaweza kugombea tena.

Mfumo wa ushirikishwaji wa umma ulitoka wapi?

Kwa kiasi kikubwa ulitoka katika mvutano huohuo. Gavana aliyekosa wingi bungeni alihitaji kuungwa mkono na vijiji. Mikutano huanzia kijijini, hupanda hadi vikundi vya vijiji 377, kata ndogo 60, wadi 30, kaunti ndogo 6, na mwisho kongamano la kaunti. Kila ngazi huchagua vipaumbele na watu wa kuvipeleka juu. Mradi ukipita, wakazi huchagua kamati ya kuusimamia, na mkandarasi anatarajiwa kupata saini yao kabla ya kulipwa.

Ubaya wake: unachukua muda, na kijiji chenye wasemaji hodari hupata kuliko kijiji chenye shida. Hata hivyo kisima kilichochimbwa pasipo na maji, kosa la kawaida katika nchi kame, hupungua wazee wa mahali wanapoulizwa kwanza.

Miradi inayojulikana zaidi ya awamu hiyo ni kiwanda cha maembe cha Kalamba, sheria ya 2015 ya kulinda mchanga wa mito, na MakueniCare ya 2016, ambapo kaya ililipa shilingi 500 kwa mwaka na kutibiwa katika hospitali za kaunti. Sheria ya mchanga inastahili maelezo kidogo: katika mito ya msimu mchanga ndio tangi la maji, na lori linalouzoa kwenda kujenga Nairobi linaondoka na kisima cha kijiji.

Mipaka ina ugomvi wapi, na hubadilishwaje?

Sehemu zinazojulikana ni tatu. Konza, ambako ekari 5,000 za mji wa teknolojia zilinunuliwa kutoka Malili Ranch, huvutaniwa na Machakos. Emali na Sultan Hamud ziko mpakani na Kajiado, kiasi kwamba upande mmoja wa mji hulipa ushuru kwa kaunti moja na upande wa pili kwa nyingine. Mtito Andei huvutaniwa na Taita Taveta.

Magavana wawili hawawezi kukubaliana wenyewe na kusogeza mpaka. Kifungu cha 188 kinataka tume huru iliyoundwa na Bunge ipendekeze, kisha theluthi mbili ya wabunge wote wa Bunge la Kitaifa na theluthi mbili ya kaunti katika Seneti zikubali.

Mbona cheti changu kinasema Machakos, na cha ndugu yangu kinasema Nzaui?

Cheti cha kuzaliwa cha kabla ya 1992 kitasema Machakos, na hilo si kosa la karani. Kuanzia 2007 Makueni nayo iligawanywa kuwa wilaya ndogondogo kama Mbooni, Kibwezi na Nzaui, ndiyo maana karatasi za miaka hiyo zina majina hayo. Zote ni Kaunti ya Makueni leo.

Nitafute wapi kumbukumbu za zamani?

Jumba la Kumbukumbu za Kitaifa, Moi Avenue, Nairobi. Usitafute "Makueni" pekee. Utapata kidogo sana kabla ya miaka ya 1940. Anza na mafaili ya DC (mkuu wa wilaya) wa Machakos, yenye alama DC/MKS, ambamo kuna ripoti za kila mwaka na habari za mpango wa makazi. Kwa miaka ya 1950, Machakos ilipokuwa chini ya Mkoa wa Kusini, tazama pia mafaili ya mkuu wa mkoa huo, yenye alama PC/SP. Andika majina ya mahali kwa tahajia kadhaa, maana maofisa wa kikoloni waliandika walivyosikia. Kwa mipaka ya kata na lokesheni, pitia matoleo ya zamani ya Gazeti Rasmi ukiwa na tarehe mkononi, la sivyo utamaliza siku nzima kwenye juzuu moja.